Siku 6 Kilwa Kivinje: nitawatembeleaje ndugu na kuwavusha watoto hadi Kisiwani?

Baba Wawili aliandika:

Salamu kwenu nyote. Ninaishi Morogoro, na likizo ya Desemba nimekusudia kumpeleka mama yangu Kilwa Kivinje, alikozaliwa, akawaone nduguze baada ya miaka 11. Tutakuwa watano: mimi, mke wangu, mama mwenye miaka 71 anayesumbuliwa na magoti, na watoto wetu wa miaka 12 na 8. Tukiwa huko tutakuwa na siku 6 tu. Watoto wamesoma habari za Kilwa shuleni, nami ninatamani wavuke hadi kisiwa cha Kilwa Kisiwani, wayaone magofu kwa macho yao.

Linalonitia wasiwasi ni kosa nililolifanya miaka michache iliyopita, nilipokwenda na mke wangu. Kwa kuhofia kuwasumbua wenyeji, tulifikia nyumba ya wageni katika mji wa Kilwa Masoko na kutembea siku 2 nzima kabla ya kwenda kumwamkia mjomba. Tulipofika tuliambiwa kwamba mkeka mpya ulikuwa umetandikwa barazani tangu siku ya kwanza, na wali wa nazi uliopikwa kwa ajili yetu uligawiwa majirani usiku ule. Mjomba hakusema neno, lakini mama alipopata habari aliumia sana. Safari hii nipangeje ili nisirudie kosa lile? Na je, mama ataweza kupanda mashua?

Mkazi wa Masoko alijibu:

Karibuni sana Kilwa. Nitaanza na bahari. Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni mwendo mfupi, kama kilomita 2, lakini usivuke bila kuuliza saa za maji. Maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, chombo hakifiki ukingoni, na abiria hulazimika kushuka na kutembea ndani ya maji juu ya matope na mawe. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hilo ni gumu mno. Mwambie nahodha siku moja kabla kwamba una mzee, akupangie saa ambayo maji yamejaa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Vukeni asubuhi, kwa sababu Desemba ni msimu wa kaskazi na mchana upepo huzidi nguvu. Chukueni boti ya injini, na hakikisheni kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, pamoja na lenye kipimo cha mtoto. Kibali cha kuingia kwenye magofu hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka.

Mkifika, Gereza, yaani ngome ya kale, liko karibu na ufuko, na mama anaweza kuliona bila kutembea sana. Msikiti Mkuu hauko mbali. Hapo msiwe na haraka. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, na sehemu kubwa yenye kuba iliongezwa baadaye. Watoto wakisimama chini ya kuba na kutazama juu, wataona jinsi mawe ya matumbawe na chokaa yalivyopangwa hadi yakajishikilia yenyewe. Waambieni kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji huu kwa uzuri wake. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye bwawa la pembe 8, liko mbali kidogo juu ya mwamba, na singeshauri mama aende huko kwa miguu. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, iacheni kwa safari nyingine, kwani inakula siku nzima.

Binti wa Kivinje alijibu:

Kaka, nimelelewa na bibi yangu Kivinje, na habari ya ule mkeka imenigusa. Kwetu mgeni wa damu akilala nyumba ya kulipia, wenyeji huona kwamba nyumba yao imedharauliwa, hata kama nia yako ilikuwa kuwapunguzia mzigo. Mkishuka kwenye njia panda ya Nangurukuru, nendeni moja kwa moja kwa mjomba, hata kama ni usiku. Siku 2 za kwanza msitoke kwenda popote. Mwacheni mama azungushwe kwa nduguze, kwa wagonjwa, na makaburini kwa waliotangulia katika miaka hiyo 11, kwa maana kuna salamu za rambirambi ambazo bado anadaiwa.

Kuhusu mzigo unaouhofia, mpelekeeni mjomba mchele, sukari, mafuta na kanga za wakina mama, na mke wako aingie jikoni kukuna nazi pamoja nao. Siku ya tatu, msiage kwenda Kisiwani. Mwombeni mjomba awape mtu wa kuwapeleka, au aje mwenyewe na wajukuu zake, nanyi mlipe nauli ya wote. Watu wengi waliozaliwa Kivinje hawajawahi kukanyaga Kisiwani, na hata mimi nilivuka mara ya kwanza nikiwa na miaka 26.

Msiupite mji wa Kivinje wenyewe pia. Jioni watembezeni watoto kwenye majumba ya kale yenye milango ya nakshi na jengo la Wajerumani linalotazama bahari, na muulizeni mjomba awasimulie habari za wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa hapa. Asimulie yeye, si wewe.

Baba Wawili aliandika tena:

Ahsanteni sana. Nimempigia mjomba leo jioni na kumwomba radhi kwa yale ya zamani, kisha nikamweleza kwamba tutafikia kwake na kwamba tunaomba atuongoze Kisiwani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mama bado anakula pweza mkavu wa nazi. Nahodha ni mtoto wa jirani yake, na atazungumza naye mwenyewe kuhusu saa za maji. Mama amekwisha kuanza kukunja kanga.

Mkazi wa Masoko alijibu:

Mkumbusheni pia nahodha abebe kigoda au ngazi fupi ya kumshushia mama, kwa sababu hata maji yakiwa yamejaa ubavu wa chombo huwa juu.