HO: injini inazima juu ya krosingi, na behewa la tatu linaacha njia palepale

Taruma87
Wakuu, salaam. Njia yangu ni ya treni za modeli, HO (kipimo cha 1:87), geji (nafasi kati ya reli) 16.5 mm, reli kodi 75 (kimo cha inchi 0.075), umeme wa DCC (unaoongoza injini kwa dijiti). Pointi (mahali njia inapogawanyika) moja tu ndiyo inayosumbua: ya mkono wa kushoto, nusukipenyo takriban 610 mm, na krosingi yake ni ya chuma. Injini ya ekseli sita ikipita polepole inazima kidogo juu ya krosingi. Ikiongezewa mwendo inapita. Behewa la tatu (la mizigo, urefu 20 cm, uzito 85 g) linaacha njia kila likiingia upande wa kona. Njia ikinyooshwa halina neno. Reli na magurudumu vimeshafutwa kwa alkoholi ya isopropili. Nianze na pointi au behewa?

WayaMwekundu
Hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Mimi nashika la umeme.

Krosingi ya chuma, yaani ile V ambapo reli mbili zinakatana, lazima ibadilishe upande wa umeme kila pointi inapogeuzwa. Nyingi zikitoka kiwandani hutegemea ulimi (reli nyembamba inayosogea pointi ikigeuzwa) uguse reli ya pembeni ndipo V ipate umeme. Mguso huo ni mwembamba kama ukucha, na vumbi kidogo tu linaukata. Chukua multimita, weka kwenye omu, ncha moja juu ya V na nyingine kwenye reli ambayo ulimi umeilalia. Kisha bonyeza ulimi taratibu kwa kijiti. Namba ikirukaruka, umempata mwizi.

Dawa ya kudumu: lehemu waya mmoja chini ya V, uupeleke kwenye mikroswichi (swichi ndogo) inayosukumwa na mota au fimbo ya pointi. Kata nyaya ndogo zilizo chini zinazounganisha ndimi na V, halafu unganisha kila ulimi na reli iliyo kando yake. Reli mbili zinazotoka kwenye V zipewe viunganishi vya plastiki. Ukisahau viunganishi hivyo, umeme utaingia kwa nyuma na utapata shoti kila pointi ikigeuka, hata kama kazi nyingine yote ni safi.

Ukimaliza, laza sarafu juu ya reli zote mbili, kabla na baada ya pointi. Kituo cha DCC kinatakiwa kizime mara moja. Kisipozima, nyaya za kulisha ni nyembamba au ziko mbali mno. Waya mkuu wa 1.5 mm² na tawi kila mita moja hivi unatosha.

Kuna watakaokuambia ufunge kapasita (ya kuweka akiba ya umeme) ndani ya injini. Itapita, ndiyo, lakini pointi itabaki mbovu vilevile. Na msasa usiuguse! Mikwaruzo yake ndiyo inayokusanya uchafu.

FlenjiNyembamba
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila ekseli sita hazipaswi kuzima zote juu ya kipande kifupi namna ile. Simamisha rula ya chuma kwa ubavu juu ya pointi. Ikiyumba, katikati pameinuka na magurudumu kadhaa yananing'inia hewani.

Sasa behewa. Kwanza, linaachia njia wapi hasa? Kwenye ncha ya ulimi, kwenye V, au baada yake? Lisukume kwa kidole na urekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole. Mahali penyewe ndipo panapotaja kosa.

Likiangukia kwenye V, pima kwa kalipa nafasi kati ya migongo ya magurudumu. Iwe kati ya 14.4 na 14.5 mm. Ikiwa finyu, magurudumu yanabana reli ya kukinga (ile fupi iliyo mkabala na V) na kuipanda. Ikiwa pana, flenji (ukingo wa gurudumu unaoshuka ndani ya reli) inagonga ncha ya V. Modeli haina huruma hapa: mwanya wa krosingi wa 1.2 mm ukiuzidisha mara 87 unapita sentimita 10, wakati kwenye reli halisi ni kama sentimita 4 na nusu.

Pili, uzito. Kanuni ya NMRA (chama cha Marekani cha reli za modeli) kwa HO ni wakia 1 ya kuanzia, kisha ongeza nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la 20 cm linataka karibu 140 g. Lako linapungukiwa 55. Behewa jepesi karibu na injini, lenye mzigo mzito nyuma yake, huvutwa kuelekea ndani ya kona. Treni halisi ndefu nazo huangushwa hivyo, ndiyo maana mabehewa matupu hayapangwi mbele ovyo.

Taruma87
Nimepima. Linaangukia kwenye V. Ekseli mbili zina 14.1 mm, nyingine 14.4. Rula inayumba katikati, palipo na msumari.

FlenjiNyembamba
Basi msumari ndio chanzo cha mengi. Ukigongwa mno hupinda taruma (kibao cha chini ya reli): katikati ya taruma panadidimia, ncha zake zinanyanyuka pamoja na reli, na geji inajibana. Uvute juu hadi taruma lilale huru, kisha pima rula tena. Ikiwa bado inayumba, angalia ubao wa chini kabla ya kulaumu pointi.

Ekseli za 14.1: shika magurudumu mawili, zungusha huku ukivuta, nusu milimita si kazi. Baada ya hapo pima pia kutoka kila gurudumu hadi ncha ya ekseli, pande zote mbili zilingane, la sivyo behewa litakimbia upandeupande.

Bogi (fremu za magurudumu chini ya behewa) pia: skrubu ya moja ikazwe hadi izunguke tu bila kuyumba, ya pili ilegezwe iyumbe kidogo. Zikikazwa zote mbili, kona moja ya behewa itanyanyuka kwenye kila kasoro ya njia.

WayaMwekundu
Na kokoto usiimwagie gundi karibu na fimbo ya ndimi mpaka pointi ipite majaribio yote, mbele na kinyumenyume.