Modi ya viwanda ya OpenTTD imeficha sharti la 80%, treni zangu za mvuke hazilifikii

Wakuu, nimekuja na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jana usiku nimefunga gemu yangu ya OpenTTD (gemu ya kompyuta ya kujenga reli na usafiri) niliyoijenga kwa wiki sita, kuanzia mwaka 1930 hadi 1950 ndani ya gemu, na sitaifungua tena. Iliyoniharibia ni namba moja iliyofichwa ndani ya modi ya viwanda, yaani nyongeza inayobadilisha viwanda na migodi ya gemu. Jina la modi silitaji, wala la aliyeitengeneza. Ninachotaka kijadiliwe ni hiyo namba, maana yeyote anayegusa viwango vya uzalishaji anaweza kurudia kosa hilohilo kesho.

Mgodi wangu wa makaa ya mawe ulianza na tani 15 kwa mzunguko. Kwa mgeni: migodi ya OpenTTD haitoi mzigo mara moja kwa mwezi. Inatoa kila baada ya tiki 256 (tiki ni kipimo kidogo cha muda ndani ya gemu), na siku moja ina tiki 74, hivyo mwezi unapata mizunguko 8 au 9. Kumi na tano mara 8 ni tani 120, mara 9 ni tani 135. Nikaweka njia mbili za reli, treni moja muda wote iko kituoni inapakia, ikijaa inatoka na ya nyuma yake inaingia. Asilimia ya kituo, yaani sehemu ya mzigo wa mgodi ambayo kituo kinapewa kusafirisha, ikakaa 66 au 67 mwaka baada ya mwaka.

Kwa kanuni za gemu yenyewe, hiyo ni huduma nzuri. Ukicheza kwa ule uchumi wa mabadiliko madogo madogo, kila mwezi kila mzigo una nafasi ya kama 4.5% ya kubadilishwa kiwango, kwa 3% hadi 23%. Ukisafirisha zaidi ya 60%, uwezekano wa badiliko kwenda juu ni theluthi mbili. Ukisafirisha chini ya hapo, theluthi mbili hizo zinageuka kuwa za kushuka. Mchezaji anapanga mtandao wake wote kwa kuamini hilo: hudumia mgodi, nao utakua.

Wangu ulishuka. Ulipofika 1950 ulikuwa unatoa 8 kwa mzunguko, tani 64 mwezi mmoja, 72 mwezi mwingine. Treni zilizokuwa zinajaa kwa wiki chache zikawa zinasubiri kwa miezi, foleni ikarudi nyuma mpaka kwenye makutano na kuziba treni zinazobeba chuma. Nikajilaumu mimi. Nikabomoa kituo nikakijenga upya, nikahamisha taa za reli, nikauza treni nikanunua nyingine, nikapoteza wikiendi nzima kutafuta kosa ambalo halikuwepo.

Mwishowe nikafungua msimbo wa modi, na kwenye sehemu ya mabadiliko ya kila mwezi nikaukuta mstari unaolinganisha asilimia iliyosafirishwa mwezi uliopita na 80. Siyo 60. Themanini! Kwenye faili la maelezo hakuna hata neno moja juu yake. Kwenye mipangilio ya modi hakuna pa kuibadilisha. Maelezo yanasema tu kwamba uzalishaji umefanywa uwe na "uhalisia zaidi".

Sasa tupige hesabu, maana naamini aliyeandika mstari ule hakupiga. Gemu inahesabu alama ya kituo kwa kipimo cha 255. Treni ikichukua mzigo mara kwa mara bila kituo kukaa kitupu, unapata hadi 130. Mzigo ukiwa haurundikani, hadi 40. Treni yenye umri chini ya mwaka mmoja inakupa 33, ikipita mwaka 20, ikipita miaka miwili 10, ikifika miaka mitatu hupati kitu. Kasi haihesabiwi kabisa mpaka ivuke kilomita 85 kwa saa, na kichwa changu cha mvuke kinakwenda 64.

Kwa hiyo treni mpya kabisa, iliyotoka karakana leo, kituo kikiwa kimepangwa bila dosari, inafika 130 + 40 + 33, yaani 203. Gawanya kwa 255 upate 79.6%. Haifiki 80! Na baada ya miaka mitatu dari lako ni 170, yaani 67%, ile ile niliyokuwa naiona kwenye dirisha la kituo miaka yote nikidhani nafanya vizuri. Ukinunua sanamu mjini unaongeza 26, na bado treni ya miaka mitatu inaishia 77%. Ili treni yenye umri huo ivuke sharti hili bila sanamu inabidi iwe na kasi ya kilomita 221 kwa saa. Mwaka 1930, kwa kichwa kipi?

Maana yake ndani ya modi hii mgodi unaohudumiwa na treni za mvuke kama zangu, zikishafika miaka mitatu, unaelekea kushuka hata ukinunua sanamu. Nilipomwandikia mwenye modi akanijibu kwamba niboreshe huduma. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nimemletea hesabu, yeye ananiambia nijitahidi.

Sipingi uzalishaji wa polepole. Napenda gemu ngumu, ndiyo maana niliipakua. Lakini ukitaka mgodi ukue taratibu, punguza ukubwa wa badiliko, badala ya 23% weka 5%. Au punguza nafasi ya badiliko kutokea. Hizo zote zinaandikika palepale kwenye msimbo, na mchezaji anayehudumia vizuri bado anaona matunda, hata kama yanachelewa. Kupandisha sharti juu ya uwezo wa treni kama hizi kunamnyima mchezaji karibu kila njia.

Na msiniambie nibadilishe mwenyewe. Nimeshabadilisha kwenye nakala yangu, imenichukua dakika mbili, lakini NewGRF (aina ya faili ambalo modi kama hii hutumia) haibadilishwi katikati ya gemu inayoendelea bila hatari, gemu yenyewe inakuonya hivyo kabla hujabonyeza. Miaka yangu 20 hairudi.

Ninachodai: sharti hilo liwe kwenye mipangilio, lianzie 60, na liandikwe kwenye maelezo kwa namba kamili. Na wenzangu mliokwisha kuanza na modi za viwanda, fungueni dirisha la mgodi wenu leo, tazameni kama uzalishaji unashuka huku mnasafirisha zaidi ya 60%. Wekeni hapa asilimia, mwaka wa gemu na kasi ya treni zenu, tujue ni wangapi tumekwama.