Mwaka wa kwanza tuanze na C au Python? Mimi nimepita kote, tujadili

Wakuu habari zenu. Juzi kwenye grupu letu la darasa kaka mmoja wa mwaka wa tatu kasema kati ya lugha za kuandikia programu, Python inalea uvivu, eti asiyeanza kuteseka na C hawezi kuwa programa wa kweli. Watu kibao wakamuunga mkono. Mimi napinga, maana semista ya kwanza tumesoma C na sasa hivi niko wiki ya nne ya Python, kwa hiyo yote mawili bado ni ya moto kichwani.

Nimetoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kompyuta nilikuwa naiona ofisini kwa mkuu wa shule tu. Wiki ya pili chuoni tukapewa programu ya kutafuta wastani wa maksi tano. Kwenye scanf, ile amri ya C ya kusoma unachoingiza, nikasahau kale ka alama ka &, kompaila (inayotafsiri kodi kwa mashine) ikapita, naingiza namba ya kwanza tu inazima na maneno mawili, Segmentation fault (kumbe imegusa memori isiyoruhusiwa). Haisemi mstari gani wala kwa nini. Nilikaa nayo toka saa mbili usiku mpaka umeme ukakatika. Nilipoirekebisha hiyo nikaandika lupu inayozunguka mara sita badala ya tano, na hapa ndo pabaya zaidi kwa sababu C haikulalamika kabisa, ilichukua tu kilichokuwepo pembeni kwenye memori ikajumlisha humo humo, nikapata wastani wa ajabu na mimi nikaamini hesabu ndo sijui. Wenzangu wanne wamekula sapu (mtihani wa kurudia) kwenye hiyo kozi, na sio wazembe.

Wiki iliyopita nimefanya kosa lile lile kwenye Python. Ikasimama pale pale, mstari wa 7, IndexError: list index out of range. Kiingereza changu cha kawaida tu lakini hiyo niliielewa, dakika mbili nikawa nimemaliza. Sasa uvivu uko wapi hapo? Somo ni lile lile, kwamba orodha ya vitu vitano inaishia namba 4 kwa sababu inaanza kuhesabu na sifuri.

Alafu kuna suala la vifaa. Wengi wetu laptopu hatuna, bumu (pesa ya mkopo) lenyewe linaisha kwenye chumba na chakula, mimi mazoezi ya Python nayafanya na Pydroid, app ya kuandikia Python, kwenye simu.

Sisemi Python haina shida. input() inakurudishia maandishi hata ukiandika namba, siku ya kwanza nilijumlisha 5 na 5 nikapata 55. Na zile nafasi za mwanzo wa mstari ukikosea moja imekula kwako.

Na C isiondolewe, hapo naomba mnielewe. Kuna zoezi la hesabu za SACCOS, jumla ilipopita bilioni mbili ikageuka hasi. Kumbe int, aina ya namba kamili ya C, kwenye mashine zetu inaishia 2,147,483,647, na kwa shilingi yetu hapo unafika mapema sana. Python ingenipa jibu sahihi na nisingewahi kujua kuna ukomo. Kwa hiyo C ije semista ya pili, mtu akiwa ameshajua lupu na fankisheni ni nini, apambane na memori peke yake.

Najua kuna atakayeleta mfano wa CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, kwamba C inatangulia Python. Kweli, ila hata wao wanafungua na Scratch, ile ya kupanga vipande vya rangi kwa mausi, hawamtupi mtu kwenye pointa (zile za kushika anwani za memori) siku ya kwanza.

Nyie mlioanza na Python mkakutana na pointa baadaye, mlizielewa haraka au mlikuwa kama mnaanza upya? Nataka sana kusikia kwenu, hata kama jibu litanipinga.