Siku Fear Inoculum, albamu ya bendi ya roki ya Marekani, Tool, ilipotoka ulikuwa wapi? Watu wa Mombasa tupeane uzoefu

MtuWaTudor
Leo nimepita Mwembe Tayari nikaona kijana kavaa fulana ya Tool, nikakumbuka ile Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2019. Miaka 13 tangu albamu yao ya 10,000 Days, jamani! Wengine ilipotoka ile ya 2006 tulikuwa hatujaota ndevu. Aliyekesha usiku ule aseme alisikiliza wapi na kwa kitu gani. Najua mji huu tu wachache, lakini tupo.

FundiSpika
Mikindani nzima giza, stima imepotea tangu magharibi, simu chaji nyekundu. Wimbo wa kwanza una dakika kumi na ushei. Simu ikazima hata gita halijakolea. Basi hiyo ndiyo Tool yangu ya usiku ule.

KijanaBombolulu
Na mimi vivyo hivyo 😂

MlaMahamri
Mmesahau kwamba hadi mwezi huo ulipoanza Tool hawakuwa mitandaoni kihalali hata kwa dawa. Tarehe 2 Agosti ndipo walipoziachia albamu zao za zamani zote. Mimi albamu yao ya Lateralus nilikuwa nayo kwenye flashi, walininakilia saiba, nyimbo zimekatika katikati. Miaka yote hiyo nikidhani wale jamaa wanapenda kumaliza wimbo ghafla.

BintiKisauni
Mimi nilikuwa upande wa pili. Lover ya Taylor Swift imetoka wiki moja kabla, twashangilia namba moja ya Marekani, mara wazee wanne wenye makelele wakamtoa Taylor wangu. Kaka yangu alinitumia picha ya chati ya Billboard asubuhi na mapema, sijanywa hata chai. Sijamsamehe mpaka leo.

MtuWaTudor
Pole dada. Sawa na nakala 270,000 hivi kwa wiki ya kwanza, kwa hesabu yao hao Billboard. Mngefanyaje?

BintiKisauni
Tungewasubirisha miaka 13 mingine.

JiraniWaKibokoni
Haya, nami niseme langu, maana huwa silisemi nikiwa sijakaa kitako.

Kaka yangu ni baharia na wakati ule meli yao ilikuwa Marekani. Nikamwambia sitaki viatu, sitaki simu, ninunulie ile sidi yenye skrini. Kwa asiyeijua: inafunguka kama kitabu, ndani mna skrini ya inchi 4, spika ya wati 2, waya wa kuchajia na kijitabu cha kurasa 36. Akaituma kwa kifurushi. Siku zikapita, nikaitwa nikachukue, niende na kitambulisho.

Afisa mwenyewe kijana mpole, shati limelowa mgongoni kwa joto. Akakata gundi kwa wembe polepole. Karatasi ya forodha imeandikwa sidi ya muziki, moja. Akaifunua. Skrini ikawaka yenyewe! Rangi zikaanza kuzunguka, na kile kispika kikatoa mvumo, mmmmmm. Kijana akaiachia mezani akaruka nyuma. Mama aliyekuwa foleni nyuma yangu na bunda la madera akasema "Audhubillahi" akasogea mlangoni.

"Hii ni nini?" Sidi. "Sidi gani yawaka?" Nikamwambia sidi imo ubavuni, hii skrini ni mapambo. "Mapambo yana betri?" Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, miwani ameipandisha kwenye kipaji. Akafunga, kukawa kimya. Akafungua, mmmmmm. Akafunga. Akafungua. Akaendelea hivyo hadi wa madirisha mengine wakaacha kazi wakaja kutazama. Ubishi sasa: itozwe ushuru wa sidi au wa televisheni? Wallahi nawaambia. Mmoja ashikilia kwamba kitu chenye skrini na spika ni televisheni, udogo si hoja. Mwingine asema ni simu isiyo na laini. Mimi nimesimama, mkono mmoja una kitambulisho, wa pili sijui niuweke wapi.

Mkubwa akaniuliza hawa wanaimba nini. Nikamwambia hapo hakuna maneno, ni mvumo tu. "Na wewe mvumo huu umeununua pesa ngapi?" Nikataja bei. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wakanikadiria kama chombo cha umeme, nikalipa, nikatoka.

KijanaBombolulu
Nimekufa 😂😂😂 ati simu isiyo na laini!

WakiliWaBarazani
Ulionewa ndugu yangu. Ungedai makadirio kwa maandishi, ukate rufaa.

MlaMahamri
Rufaa ya sidi? Angekaa kimya akalipa na kwenda zake, kama alivyofanya. Ama baharia angekuja nayo mwenyewe, imeshafunguliwa, ndani ya begi la nguo.

WakiliWaBarazani
Wewe sasa wafundisha watu magendo hadharani.

MlaMahamri
Nimesema begi la nguo, sikusema jahazi la usiku.

FundiSpika
Kibaya zaidi, sidi ile ina nyimbo 7 tu. Sisi wa mtandaoni tulipata 10, dakika 86. Yaani kalipa ushuru kisha akapunjwa.

JiraniWaKibokoni
Vile vitatu ni vipande vya kuunganishia, na kadi ya kupakulia imo humo humo ndani. Sidi haibebi dakika 86, wewe fundi gani hujui hilo?

FundiSpika
Wa spika.

MtuWaTudor
Jamani, mada ni albamu.

NgomaZaHoteli
Napiga ngoma na bendi ya hoteli pwani ya kaskazini, usiku ni zile zile za kuwakaribisha watalii. Mchana nilijifungia na wimbo wa Pneuma, nampigia hesabu Danny Carey, mpiga ngoma wao, kwa vidole pajani. Nahesabu, napotea, naanza upya. Chocolate Chip Trip iliwaudhi wengi, wakasema ni mtu afanya mazoezi na mashine. Mimi ndiyo iliyonitia wazimu wa kutafuta pedi za umeme. Ila Culling Voices yachosha, tusidanganyane. Yakunja ngumi muda wote huo, ikija kurusha, usingizi umeshakuchukua.

MsemaKweliLikoni
Yote yachosha. Nilisubiri albamu kama ile yao ya zamani, Ænima. Maynard, mwimbaji wao, kaimba kana kwamba alipwa kwa neno, tena kwa bei ya chini.

NgomaZaHoteli
Na wimbo wa 7empest?

MsemaKweliLikoni
7empest sawa. Adam Jones na gita lake hapo aliamka. Ile tuzo ya Grammy ya 2020 ilikuwa haki yao.

KijanaBombolulu
Mama aliisikia mwisho wa Invincible akauliza jenereta ya nani hiyo.

MsemaKweliLikoni
Mama ana masikio mazuri.

FundiSpika
Jirani, hiyo skrini bado yawaka?

JiraniWaKibokoni
Yawaka. Na siuzi, kabla hujauliza.

BintiKisauni
Mimi natoa elfu tano, nikaitupe baharini.

JiraniWaKibokoni
Ongeza ushuru.