Stoo ya maabara imepangwa kwa alfabeti: mnatafuta wapi kujua nini kisikae na nini?

Laabu_Nyalenda (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Nimepokea stoo ya maabara ya sekondari moja upande wa barabara ya Ahero. Aliyenitangulia alipanga kila kitu kwa A, B, C za Kiingereza. Inapendeza macho, lakini asidi ya nitriki inabanana na naftalini, na potasiamu ya kwenye parafini imekaa bega kwa bega na potasiamu pamanganeti. Asidi ya asetiki kali imepakana na naitreti ya amonia. Mwalimu mkuu anataka nipange upya kabla ya mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Vitabu vya wanafunzi havisemi lolote kuhusu uhifadhi. Nina simu na bando. Nyinyi mnatazama wapi?

Kijana_wa_Njoro

Anza na MSDS, dada, zile karatasi za usalama za kila kemikali. Zina sehemu 16. Soma ya 7 kuhusu uhifadhi na ya 10 kuhusu kemikali inavyochukiana na nyingine. Duka lililowauzia likikosa kukupa, wakumbushe Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Mzee_wa_Miwa (Muhoroni)

Kijana amesema kweli, ila ukifungua MSDS tatu nne utaona udhaifu wake. Sehemu ya 10 mara nyingi inaandika "epuka vioksidishaji vikali", yaani vitu vinavyochochea vingine kuungua, basi. Haikuambii ni chupa gani kwenye rafu yako. Inategemea uwe tayari unajua kwamba asidi ya nitriki si asidi tu bali ni kioksidishaji pia, na kwamba haipaswi kuishi na asetiki wala ethanoli hata kama lebo zote zimeandikwa "asidi" au zinaanza na herufi zinazofuatana.

Mimi nilikaa maabara ya kiwanda cha sukari mpaka nikastaafu, na kwa kazi yako ningeanzia CAMEO Chemicals, hifadhidata ya kemikali. Ni ya mashirika ya serikali ya Marekani, NOAA pamoja na EPA, ni bure, na ipo ya simu inayofanya kazi hata mtandao ukipotea. Unaingiza kemikali moja moja kwenye orodha yako, kisha inakuchorea jedwali la kila jozi: zipi zinagombana, na gesi gani inaweza kutoka. Ingiza stoo nzima, usichague zile unazoziogopa tu. Jiki (dawa ya klorini) ya kusafishia sakafu nayo iingie, kwa sababu ikikutana na asidi inatoa klorini, na hiyo huwa inakaa chini ya sinki ambako hakuna anayeihesabu kuwa kemikali.

Lakini jua inavyofikiri. Haina kumbukumbu ya kila jozi duniani. Imeiweka kila kemikali katika kundi, halafu inatabiri kundi dhidi ya kundi. Haijui una gramu kumi au debe. Haijui kitu cha tatu kikiingia, wala kinachotokea mchanganyiko ukiachwa ulale.

Hapo kwenye kulala ndipo namtaka Bretherick. Kitabu chake cha hatari za kemikali zenye vurugu kilitoka mara ya kwanza 1975, na matoleo ya karibuni ni juzuu mbili nene. Kinakusanya ajali zilizoandikwa kweli. Humo utasoma kwa nini naitreti ya fedha iliyochanganywa na amonia hutengenezwa papo hapo na kumwagwa baada ya kazi: ikikaa, inaweza kuzaa mashapo meusi yanayolipuka kwa kuguswa tu. Ni ghali mno, usinunue. Ulizia maktaba za vyuo vikuu, hata Maseno pale. Na usitafute kwa jina, juzuu ya kwanza imepangwa kwa fomula: kaboni kwanza, kisha haidrojeni, halafu zinazobaki kwa alfabeti. Ethanoli iko C2H6O.

Kikinyamaza kuhusu jozi fulani, usisome "salama". Kinaandika yaliyofika kwenye majarida. Chupa ya taka iliyopasuka katika shule ya kijijini, kwa sababu mtu alimimina nitriki juu ya mabaki ya ethanoli, nani aliiandikia jarida?

Stoo_ya_Maua (Naivasha)

Naongeza moja tu kwa ya mzee. Linganisha nguvu ya kemikali. Shambani tunatumia asidi ya nitriki kushusha pH ya maji ya kumwagilia, pamoja na haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ya asilimia 50 na ile ya duka la dawa ya asilimia 6 zina jina moja na tabia mbili. Tuliwahi kuletewa karatasi ya ile dhaifu ikaambatana na mtungi wa ile kali. Tazama namba ya CAS, ile inayotambulisha kila kemikali, halafu tazama asilimia.

Kadi za ICSC, yaani kadi za kimataifa za usalama wa kemikali, za ILO na WHO pia ni nzuri, fupi, bure. Mstari wa uhifadhi unaweza kumsomea hata mlinzi.

Laabu_Nyalenda

Asanteni sana. Nimeingiza orodha, jedwali limejaa rangi ya hatari. Nitriki nimeihamishia kabati lake yenyewe, ndani ya karai la plastiki. Mzee, kuna jambo: hiyo potasiamu ina gamba la manjano, na parafini imepungua mpaka vipande vinachungulia. Niongeze parafini?

Mzee_wa_Miwa

Usiongeze. Usikwangue, usikate, usitikise, usiihamishe. Gamba la manjano au rangi ya chungwa juu ya potasiamu ya zamani ni la kuogopa: ni oksaidi yenye oksijeni nyingi, na imelipuka mikononi mwa watu walipokuwa wakiikata, kwa sababu kisu kinaisukuma ndani ya metali yenyewe au ndani ya mafuta. CAMEO haitakuonyesha hilo kwenye jozi, kwa kuwa wewe umeandika "potasiamu" na yeye anadhani ni safi. Sodiamu haina tabia hiyo kwa kiwango hicho, kwa hiyo usihofu chupa yake.

Funga chumba, mwambie mwalimu mkuu kwa maandishi, pigeni simu ofisi ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, muulize nani ana ujuzi wa kuiondoa. Pamanganeti iliyo kando yake iache hapo hapo mpaka waje, maana kuichukua ni kugusa rafu ile ile.

Laabu_Nyalenda

Nimefunga. Barua imepigwa muhuri asubuhi hii. Somo la Kidato cha Pili la metali nimelihamishia kwenye sodiamu.

Mzee_wa_Miwa

Vipande vidogo, saizi ya punje ya mchele, na wanafunzi wavae miwani.