Ati hedfoni haina shida, shida ni KICHWA CHANGU!!!

kasida_amu:
Jamani nimetoka mtaa wa Langoni hapa Lamu sasa hivi na mikono bado yanitetema. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye feni moja inayompulizia yeye peke yake, akikuuzia chaja leo kesho akuuliza we nani. Leo amenambia mbele za watu, na duka limejaa hadi mlangoni, hata punda wa kubeba mawe alisimama kusikiza: "Kaka, hedfoni haina shida, shida ni kichwa." KICHWA! Nilichopewa na Mola!

Mimi kazi yangu narekodi na kuchanganya sauti, kasida, harusi, na Maulidi ya Riyadha yakifika ndio usiseme, hedfoni iko kichwani toka baada ya isha mpaka waadhini alfajiri. Nikamwambia mapema kabisa, nataka ya kuvaa masaa mengi, masikio yasiume, sauti iwe safi lakini masikio kwanza. Akanitolea dude kubwa jeusi, nikalivaa, na sauti sikatai, wallahi ni nzuri, dufu likipigwa wasikia mpaka ngozi yake na muimbaji akivuta pumzi wamsikia. Lakini labana!! Labana mpaka meno yagongana, mkanda umekalia utosi wote, mkono wa miwani umezama kwenye fuvu, na zile pedi za ngozi bandia kwa joto letu hili masikio yachemka. Nikamwambia ami, sauti iko ila hii simalizi nayo hata kasida moja. Ndio akacheka, akawageukia watu, akasema lile neno lake.

Na mzee wetu wa msikitini alikuwapo. Akanigeukia akakiangalia kichwa kweli! Alikiangalia!!

Kisha jamaa akaongeza ati mwenye kutaka sauti hatafuti raha, raha ni ya watoto wa TikTok. Nani kamwambia? Masikio yakiuma waanza kukosea, wapandisha trebo, zile sauti nyembamba za juu, ukidhani sauti butu kumbe umechoka, wavua kila saa na ukivua ushapoteza ulipofika. Na mwenye miwani pedi haimkai sawa, pabaki upenyo na besi yote yavuja hapo, kwa hivyo hata hiyo sauti anayojisifia sikuipata nzima. Hedfoni isiyovalika ni pambo la ukutani. Nami nikaambiwa kichwa. Mbele za watu. Sinunui pale tena hata betri ya tochi!

mwana_mkomani:
Weka picha ya kichwa kwanza tutoe hukumu 😂😂

baraza_la_mkunguni:
Mimi nilikuwapo dukani. Jamaa amekosa adabu lakini kichwa nacho si kidogo.

kasida_amu:
We kama ulikuwapo mbona ulinyamaza?? Mwanamume mzima umesimama wasikia mwenzio aambiwa kichwa!

baraza_la_mkunguni:
Nilikuwa nangoja chenji yangu.

binti_wa_buibui:
Kakangu angalau wewe umejaribishwa. Sisi wa mtandio nani ashatufikiria? Ukivaa juu ya kitambaa besi yapotea kama hiyo ya miwani yako, ukivaa ndani wachemka na pini yakudunga. Nikahamia za kutia sikioni, nazo ukikaa muda ndani yawasha. Nahariri video za harusi usiku kucha na hakuna dukani anayeniuliza kichwani nina nini.

fundi_malindi:
Kama ni mpya yalegea. Inyooshe usiku juu ya boksi pana kidogo kuliko kichwa chako, polepole usiuvunje mkanda. Sennheiser HD 600, ile iliyotoka 1997, ikiwa mpya yabana sana na bado watu wa studio waipenda, ni gramu 260 hivi na nyuma iko wazi kwa hivyo sikio lapumua. Ila ukinzani wake wa umeme ni omu 300, simu yako itaisukuma kinyonge, utataka amplifaya.

kasida_amu:
Fundi, hiyo ya wazi nyuma sauti yatoka nje yarudi kwenye maiki wakati narekodi, nitaivaaje mbele ya muimbaji? Na mimi sikuuliza modeli. NIMEAMBIWA KICHWA.

fundi_malindi:
Basi tafuta iliyofungwa nyuma yenye pedi za mahameli, kama Beyerdynamic DT 770, chukua ya omu 80, ya 250 uwaachie wenye amplifaya. Ngozi bandia pwani hii usijisumbue, jasho na unyevu zaibambua magamba hata ikikaa kabatini.

mwana_mkomani:
Magamba meusi kwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, yashanikuta 😭

tuktuk_barani:
Nyinyi mwazungumzia omu. Mimi niliuziwa iyafoni hapa Malindi, kufika Gede upande wa kushoto ushakufa. Kurudisha, ati nimeilalia! Naendesha tuktuk, nailalia saa ngapi?

binti_wa_buibui:
Wote ni darasa moja hao. Wangu alinambia nimeishika vibaya.

baraza_la_mkunguni:
Afadhali hao kuliko yule nahodha wa boti ya Mokowe mwenye spika kama jeneza. Wavuka mkondo kidogo tu washuka masikio yalia. Ukimwambia apunguze ati "hii ni starehe".

mwana_mkomani:
Huyo namjua! Na jaketi za kuokolea amezilalia yeye mwenyewe.

tuktuk_barani:
Na nauli je, bado apandisha jioni?

kasida_amu:
Huu ni uzi wa hedfoni jamani, nimetukanwa mimi

mwana_mkomani:
Apandisha, tena mvua ikitisha ndio zaidi. Juzi mamangu alitolewa mara mbili ya nauli na mizigo akajibebea mwenyewe.

binti_wa_buibui:
Mama mtu mzima?? Fungua uzi wake tuje huko.