Wikendi bila kufilisika, Kisumu hadi Nakuru: tupeane uzoefu

Wadau, mwezi haujafika hata katikati na watoto washaanza "baba tunaenda wapi Jumapili". Mimi niko Kisumu na nimegundua kiingilio si ndicho hukula pesa, ni nauli na tumbo. Sisi hushuka Hippo Point saa kumi na mbili jioni kuona jua likizama ziwani, chai kwa flaski na mandazi za nyumbani, tunarudi na tuktuk. Ukitaka boti patana bei kabla hujakanyaga ndani, na usipatane mbele ya mtoto. Leteni zenu.

NyarKisumo: Ufuo wa Dunga pia ni poa lakini usiende na njaa, ile harufu ya samaki ikikupata bajeti imeisha. Sisi watu wawili tunagawana mmoja wa saizi ya kati na ugali, na bei unauliza kabla hajaingia kwa mafuta.

MtuWaKhayega: Nyinyi na maji tu. Kujeni Kakamega Jumamosi asubuhi na mapema mafahali wakipigana, ngoma za isukuti zinalia, umati wote unakimbia na ng'ombe na hakuna mtu anakuuliza tiketi. Kaa karibu na mti tu, fahali akishindwa hutoroka bila kuangalia nani amesimama wapi. Mkitoka Kisumu mtapita mwamba wa Ilesi, ule unaoitwa jiwe linalolia (Crying Stone), piga picha uendelee.

KijanaWaNaks: Menengai wasee, ile kreta ya volkeno hapa Nakuru! Tulipanda na miguu kutoka tao, ni mbali na jua ni kali, lakini ukifika juu, mita 2,278, ukiona hilo shimo lenye upana wa kama kilomita 12 unasahau magoti. Maji beba kutoka chini. Ukiwa na wazazi wapeleke Hyrax Hill, kamakumbusho kadogo tu kando ya barabara ya Nairobi, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo 1937. Kuna bao zimechongwa kwa mwamba, mamangu kuziona akasema kumbe hata zamani wanaume walikuwa wanashinda hivi hivi.

Mwenye uzi: Nimecheka 😂 Nakuru nauli ya familia nzima ingoje Disemba. MtuWaKhayega, mtoto wa miaka sita si ataumia huko kwa mafahali?

MtuWaKhayega: Wangu humbeba begani tangu akiwa na mitatu. Mamake anajua tunaendanga sokoni.